Natafuta filamu za watu wa kawaida walioanza upya (za kuonyesha ukumbini, Nakuru)

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Hamjambo wote. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Kaptembwa. Karibu na kibanda changu kuna ukumbi mdogo wa kanisa, na wazee wa kanisa wamenikubalia niutumie Jumamosi kuonyesha filamu. Projekta ninayo, shuka jeupe lipo, spika nimeziunganisha mwenyewe. Zinazokosekana ni filamu.

Kwanza niwaeleze watakaokuja, maana swali langu liko hapo. Nakuru ni mji wa watu waliofika. Ukitembea Kaptembwa, Rhonda au Ponda Mali, hupiti nyumba nyingi kabla ya kukutana na mtu aliyeingia mjini na godoro kichwani. Kuna waliokimbia mapigano ya kikabila ya Molo na Olenguruone mwaka wa 1992. Kuna waliolala kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Na sasa wapo wa Mwariki na Barut, ambao Ziwa Nakuru lilipanda likawaingilia hadi jikoni. Hao hawana hata mtu wa kumlaumu.

Kundi lenyewe ni kina mama wa chama, vijana kadhaa wa boda, mzee mmoja muuza magazeti, na wanafunzi waliomaliza kidato cha nne wakakosa la kufanya. Wanataka hadithi za watu kama wao, watu ambao maisha yaliwapindukia kisha wakapenda tena na kujenga tena. Bunduki hawataki. Mama mmoja anayeuza mitumba aliniambia hivi: "Mwanangu, usituonyeshe nyumba ikiungua, hiyo tunaijua. Tuonyeshe kesho yake walifanya nini."

Wengi hawamudu kusoma maandishi ya chini ya skrini kabla hayajapita, na Kiingereza cha haraka huwapita. Watoto pia huingia, kwa hiyo mapenzi yawe ya heshima. Naomba mnitajie filamu na mniambie kwa nini mnaipendekeza. Orodha tupu haitanisaidia.

Shinyalu Kwetu, Kakamega

Ndugu, usiende mbali. Tafuta The First Grader, ya 2010. Ni hadithi ya mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka wa 2004 katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Serikali ya Kibaki ilikuwa imetangaza elimu ya msingi ya bure mwaka uliotangulia, naye akaishika serikali kwa neno lake. Oliver Litondo ndiye anayemwigiza, na Naomie Harris ni Mwalimu Jane. Ilipigwa hapa hapa Kenya, na watoto unaowaona darasani ni watoto wa kijijini.

Kwa wazee wako nadhani itawagusa pale ambapo mzee amevaa kaptura na soksi ndefu za shule, anasimama langoni, anaambiwa arudi nyumbani, na kesho yake amefika tena. Nimefundisha ngumbaru hapa Shinyalu. Nimewaona watu wazima wakishika kalamu mara ya kwanza na kidole kinatetemeka, na filamu ile imekipata kile kidole sawasawa.

Ina kumbukumbu za mateso ya wakati wa Mau Mau, zinakuja na kutoka, hizo uzichunguze mapema. Na kuna jambo haikufikia kulionyesha: baada ya uchaguzi wa 2007 Maruge mwenyewe alipoteza mali yake akaingia kambini, na akiwa kambini aliendelea kwenda darasani. Alifariki mwaka wa 2009. Wenzako waliolala kwenye mahema ukiwaambia hilo baada ya filamu kwisha, nina hakika mazungumzo yatakwenda mpaka jioni.

Mama Video, Nyalenda, Kisumu

Fundi, pokea salamu za Kisumu. Niliendesha kibanda cha video hapa Nyalenda tangu enzi za kanda hadi vijana walipoanza kujaziwa filamu kwenye flashi. Kilikuwa kibanda cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na jenereta ya kukodi, ya kutumia stima ikipotea. Jioni zilikuwa za wanaume, karate na mpira wa Uingereza. Lakini Jumapili baada ya ibada niliweka saa ya kina mama, na hapo ndipo nilipojua filamu gani inamkalisha mtu aliyepoteza kila kitu, na gani inamfanya akumbuke ghafla kwamba nyumbani hakuna sukari.

Huyo mama wa mitumba amesema kweli yote, na mimi sina kipimo kingine. Moto, vita, ajali, kila mwongozaji anajua kuvipiga picha. Mimi huangalia asubuhi inayofuata. Kuna mtu anachota maji? Kuna anayehesabu sarafu mezani? Kuna anayegonga kwa jirani kuomba unga, na jirani anafungua au anajifanya amelala? Filamu ikiruka kutoka msibani hadi harusini bila kupita jikoni, kina mama wangu hawakuiamini, hata ingepigiwa muziki mtamu namna gani.

Basi anza na Neria. Ni ya Zimbabwe, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, imeongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga. Neria na mumewe Patrick wako Harare, wamejenga maisha yao pamoja, kisha Patrick anakufa barabarani. Matanga hayajaisha, shemeji yake Phineas anaingia kwa jina la mila: anataka gari, kitabu cha benki, nyumba, mwishowe na watoto. Oliver Mtukudzi anaigiza kaka yake Neria, na nyimbo zake ndizo zinazobeba filamu nzima.

Pale Nyalenda Phineas alitukanwa kwa Dholuo, kwa Kiluhya na kwa Kiswahili kabla hata hajakaa kitini. Sisi huku tunaijua tero, ile mila ya kurithi mjane, tunawajua na mashemeji wa aina hiyo, wanaoanza kuhesabu mabati ya paa wakati maiti bado iko nyumbani. Kulikuwa na mjane mmoja wa Nyakach ambaye wakati huo wakwe zake walikuwa wamempokonya shamba. Wenzake walipotoka yeye alibaki kwenye benchi, akaniuliza kama na mahakama za kwetu zinasikiliza kesi kama hiyo. Zinasikiliza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inatumika nchini tangu 1981, na mjane ametajwa ndani yake. Alikwenda. Ilimchukua muda mrefu sana, na hakupata kila kitu, lakini nyumba alibaki nayo.

Ndiyo maana nasema anza na hiyo. Neria anaanza upya kwa wakili na mbele ya hakimu, huku akililia mume aliyempenda. Mapenzi yako mwanzoni mwa filamu, kwenye ndoa ya watu wawili wanaosikilizana, na yale mapenzi ndiyo yanayompa nguvu ya kumkatalia Phineas. Ni ya heshima kabisa, mtoto yeyote anaweza kuitazama. Kiingereza chake ni cha kwetu Afrika, cha polepole. Watu wako wataelewa mengi bila msaada.

Kwa wale vijana wa boda, tafuta filamu ya Kiitaliano ya 1948, Ladri di biciclette, ya Vittorio De Sica. Roma, vita vimekwisha, kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango ukutani lakini lazima awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua shuka za kitandani, anazipeleka rehani, baiskeli inarudi. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Kuanzia hapo ni baba na mtoto wake Bruno wakizunguka mji mzima kuitafuta. Aliyemwigiza Antonio hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na mwendo wake unaonyesha. Hapa Kisumu boda zilikuwa za baiskeli kwa miaka mingi kabla ya pikipiki, na niliyemwonyesha kwanza alikuwa kijana aliyeibiwa yake pale Kibuye. Alitazama kimya mpaka pale Antonio anapojaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, akashindwa kuvumilia, akapiga kelele, "Usichukue, mtoto anakuona!"

Hiyo haina mwisho wa furaha. Lakini mwenye baiskeli, akimwona yule mtoto analia, anamwacha baba aende zake bila polisi. Mtu asiyemjua amempa nafasi tena, akiwa na hasira bado, na hakuna aliyemlazimisha. Nimeitazama mara nyingi na bado pale hunikamata kooni.

Ya tatu nitakuandikia kesho, kwa sababu hiyo ina habari ya dada yangu na siwezi kuiandika nikiwa sokoni.

Mwana wa Maseno

Mama Video, asante, nimejifunza mengi. Mimi naongeza Casablanca, ya 1942. Najua wengi wanaiona kama filamu ya wapenzi wawili uwanja wa ndege, lakini kilichonivuta ni wale wanaokaa mezani nyuma ya wapenzi hao. Watu wa kila taifa la Ulaya wamekwama Morocco, wanauza pete na saa ili wapate karatasi za kusafiria. Waigizaji wengi mle walikuwa wakimbizi kweli waliotoroka Hitler. Madeleine Lebeau, yule msichana anayelia wakati watu wanaimba wimbo wa taifa wa Ufaransa, alikuwa amekimbia Ufaransa mwaka wa 1940. Mtu akijua hivyo, lile chozi halitazamwi tena kama la kuigiza.

Fundi, bunduki zipo ila ni chache. Tatizo ni kwamba wanazungumza haraka na maneno ni mengi.

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mwalimu wa Shinyalu, hiyo ya Maruge nitaitafuta, mzee wa magazeti aliwahi kuuza magazeti yenye picha yake. Mwana wa Maseno, Casablanca niiweke akiba kwanza, kwa sababu hiyo uliyosema ya maneno mengi.

Mama, kuna jambo nataka kukuuliza kwa heshima. Ulikuwa unatafsiri vipi? Vijana wananiambia niweke zile zilizotafsiriwa kwa mbwembwe kama anavyofanya DJ Afro, na kweli watu humpenda. Lakini kwa filamu kama Neria sioni kama inafaa mtu aongee juu yake mwanzo hadi mwisho.

Mama Video, Nyalenda, Kisumu

DJ Afro ni fundi wa kazi yake, namheshimu, na filamu za mapigano anazipa uhai. Kwa hizi fanya tofauti. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha pembeni mwa televisheni, si nyuma ya watu, wanione. Naitazama filamu peke yangu kwanza, naandika kwenye daftari mahali ambapo mtu asipoelewa neno atapotea. Ni machache kuliko unavyodhani. Siku yenyewe nasema hayo tu, kwa sentensi fupi, pale waigizaji wanapovuta pumzi. "Anasema nyumba si yake." Basi. Mwigizaji akilia sisemi kitu. Watu wakicheka nanyamaza wamalize. Na sikuwahi kuongeza neno ambalo halikusemwa, hata nilipotamani sana kumwongezea Phineas.

Katikati nilikuwa nasimamisha kidogo, tunauza chai na nyoyo (mahindi na maharage ya kuchemsha), na hapo watu wanaulizana wenyewe. Aliyeelewa anamweleza ambaye hakuelewa, kwa lugha ya nyumbani kwao.

Sasa ile ya tatu. Inaitwa Mississippi Masala, ya 1991, ya Mira Nair, ambaye pia ndiye aliyeongoza Queen of Katwe na Lupita wetu ndani yake. Inaanzia Kampala, 1972. Idi Amin amewapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Jay ni wakili, amezaliwa pale, hajui kwingine. Rafiki yake wa tangu utotoni, Okelo, Mwafrika, ndiye anayemwambia lazima aende, na Jay anaondoka amekasirika, bila hata kumuaga vizuri. Fundi, baadhi ya watu wale walishuka kwa gari la moshi kwenda Mombasa kupanda meli, na reli hiyo inapita hapo hapo kwenu Nakuru. Wazee wenu wa reli wanaweza kukumbuka.

Kisha tunaruka hadi Marekani, jimbo la Mississippi, 1990. Familia inaishi kwenye moteli ya jamaa zao. Wakili wa Kampala hana kazi ya maana, mkewe Kinnu anaendesha duka la pombe, binti yao Mina anasafisha vyoo vya moteli. Jay anakesha akiandikia serikali ya Uganda barua za kudai nyumba yake. Mina anagonga gari la Demetrius, kijana Mweusi mwenye biashara ndogo ya kusafisha mazulia, aliyoianzisha kwa mkopo wa benki. Denzel Washington huyo, bado kijana. Wanapendana. Na hapo ndipo filamu inapokuwa kali: watu waliofukuzwa Kampala kwa ajili ya rangi yao wanamkataa Demetrius kwa ajili ya rangi yake. Wateja wanamkimbia, benki inaanza kumkalia kooni.

Dada yangu aliishi Naivasha tangu ujana wake, akifanya kazi kwenye mashamba ya maua. Januari 2008 alifika Kisumu nyuma ya lori na watoto wake. Watu walimpokea kwa upendo, wakamwambia karibu nyumbani, naye alikuwa hana nyumba hapa, watoto wake Dholuo wanakisikia tu hawakiongei. Alilala kwangu. Kwa muda mrefu hakutaka kutoa nguo kwenye ule mfuko aliokuja nao. Aliuza omena, akauza mandazi, akajenga chumba cha udongo, baadaye cha mawe. Huo ndio mwanzo wake mpya, na hakuna filamu iliyopigwa juu yake.

Miaka ikapita, binti yake akaleta mchumba. Kijana mzuri, fundi wa mabomba. Ametoka Naivasha, na jina lake lilitosha kumweleza dada yangu kabila lake. Dada alisema hapana, na akasema hivyo mbele ya wageni. Nilimwelewa, nilikuwa nimeuona ule mfuko. Lakini yule kijana mwaka wa 2008 alikuwa mtoto wa shule ya msingi.

Sikumhubiria. Nilimwalika Jumapili kwenye saa ya kina mama, nikaweka Mississippi Masala. Aliketi mbele. Sehemu ya Kampala alilia, pale Kinnu anapotaka kuondoka na vitu vyake vichache na askari njiani wanamdhalilisha. Baadaye wazazi wanapomkataa Demetrius, wenzake wote walimgeukia Jay kwa maneno, "Wewe uliyefukuzwa?" Dada yangu alikaa kimya kabisa.

Sitakudanganya kwamba filamu ilimbadilisha siku ile. Aliyembadilisha ni kijana mwenyewe, dada alipolazwa na yeye akawa anakuja kila jioni kumletea uji, akimnywesha kwa kijiko wakati binti yuko kazini. Ila kabla ya filamu ile dada hakuwa analitaja jina lake, alikuwa anasema "huyo". Baada yake alianza kulitaja. Wameoana na wana watoto.

Mwishoni Jay anarudi Kampala kufuatia kesi ya nyumba yake, na anagundua kwamba Okelo aliuawa zamani. Amekaa miaka yote akimkasirikia mtu aliyekuwa amekufa. Anaiacha kesi, anamwandikia mke wake barua, anasimama barabarani katikati ya watu wanaocheza ngoma na mtoto wa mtu amemshika mikononi. Wapo watakaosema mwisho huo ni mwepesi. Mimi siuoni hivyo. Yule mzee amepoteza nyumba, kazi na rafiki, na kesi yenyewe amekuja kuiacha kwa miguu yake mwenyewe. Hakuambulia chochote mle isipokuwa kupumua.

Kuna sehemu ya wapenzi hotelini, hiyo uipeleke mbele, watoto wakiwepo haifai.

Mtu wa Tuta, Budalang'i

Mama Video, hiyo habari ya dada imenikalisha chini.

Nataka kuwasemea wale wa ziwa, wa Mwariki na Barut, kwa sababu maji pia yanafukuza. Sisi huku Nzoia ikipasua kingo tunalala juu ya tuta, familia nzima na ng'ombe, mpaka yashuke. Filamu yetu ni Mother India, ya Mehboob Khan, 1957. Nargis ni Radha, mke wa mkulima. Mama mkwe wake alikopa kwa mlanguzi aitwaye Sukhilala ili wafanye harusi, na mkopo huo unawala maisha yao yote. Mumewe anavunjwa mikono na jiwe shambani, anaona aibu ya kulishwa na mkewe, anaondoka usiku asirudi tena. Halafu mafuriko. Mazao yamekwenda, watoto wana njaa, wanakijiji wanafunga mizigo wahame, na Radha, akiwa na matope hadi magotini, anawaimbia wabaki. Wanabaki. Wanalima tena, yeye na wanawe wakivuta jembe kwa mabega.

Ni ya Kihindi na inakaribia saa tatu, uigawe Jumamosi mbili. Wazee wengi waliiona mjini ujana wao na watakuimbia nyimbo zake bila kujua maana. Mwishoni kuna risasi moja. Mama anampiga mwanawe mwenyewe, aliyegeuka jambazi, ili amwokoe msichana wa watu. Waambie mapema.

Wa Turi, Molo

Nimesoma yote. Kuna filamu ambayo kila mtu ameizunguka, na naona kwa nini. Something Necessary, ya Judy Kibinge, 2013. Ni yetu sisi wa Bonde la Ufa. Anne ni muuguzi. Ghasia za baada ya uchaguzi zimemuua mumewe, zimemjeruhi mwanawe vibaya, shamba lao limechomwa. Anarudi kulijenga. Upande wa pili kuna Joseph, kijana aliyekuwa kwenye genge. Dhamiri inamsumbua, anavutwa kurudi kwenye lile shamba, anatafuta kitu ambacho hawezi kukiomba kwa mdomo.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa wakati ule. Hapa Turi mimi huwa nakutana sokoni na watu ambao najua walikuwa wapi usiku ule. Tunasalimiana. Tunauziana viazi. Hakuna aliyewahi kusema neno. Filamu hiyo ndiyo pekee niliyoona ikinionyesha mimi na wao pamoja, bila kunilazimisha kusamehe kabla sijawa tayari. Fundi, kwenye ukumbi wako watakaa watu wa pande zote. Kuwaonyesha Roma na Mississippi na India ni vizuri, lakini msiishie huko mkaiacha Molo.

Fundi wa Kaptembwa, Nakuru

Mzee wa Turi, pole sana, na asante kwa kusema. Ninaiogopa hiyo filamu. Nawajua watu wawili wanaokaa benchi moja kanisani ambao siwezi kuwaweka mbele yake bila kuwauliza. Mama Video, wewe ungeiweka?

Mama Video, Nyalenda, Kisumu

Ningeiweka. Mzee wa Turi ana haki, na anaijua Molo kuliko sisi. Lakini nisingeianza nayo, na nisingeiweka bila kuitangaza. Anza na Neria, kila mtu atamchukia Phineas na watazoea kuongea kwa sauti wakiwa pamoja. Halafu Maruge. Halafu Mississippi Masala, ambayo inazungumzia kabila bila kutaja kabila la mtu yeyote mle ukumbini. Mother India uiweke likizo, watu wakiwa na muda. Ukifika hapo wenyewe watakuwa wameanza kutaja 2008 kwenye chai, na ndipo uwaulize wazi: kuna filamu ya kwetu, ina mambo mazito, mnaitaka? Wale wawili wa benchi moja waulize kila mmoja peke yake, nyumbani kwake, usimtumie mtoto. Akikataa mmoja, ahirisha.

Siku hiyo usitafsiri hata neno moja, waache waigizaji waseme wenyewe. Mwite mchungaji au mzee wa mtaa akae ndani tangu mwanzo, asije mwishoni kutoa hotuba. Mlango uwe wazi ili anayetaka kutoka atoke bila kuonekana amekimbia, na nje pawe na mtu wa kukaa naye.

Na uanze saa nane mchana, si jioni. Kina mama lazima wafike nyumbani kabla ya giza, na matatu za kwenda Barut hujaa mapema.